Twendeni Bath, lakini tusiishie kupiga picha

(Niliyasema haya kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Reading, Uingereza, wengi waliokosa wameomba, nimeyaandika kama nilivyoongea.)

Shikamooni wazee wangu, mama zetu shikamooni, vijana mambo vipi, mwenyekiti asante kwa nafasi. Nimeombwa niseme kidogo kuhusu safari ya Bath tunayoipanga kiangazi hiki, na najua kuna wanaojiuliza hotuba ya nini tena, si tunapanda treni, tunafika, tunapiga picha, tunakula, tunarudi? Hapana jamani. Naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ule mji una mambo yetu ndani yake, mambo ya Tabora, ya Mwanza, ya Jinja, ya Addis Ababa, na mtu akienda bila kuyajua atayapita hivi hivi na hakuna wa kumshtua. Wengi wetu tumeishi nchi hii miaka mingi, tunalipa kodi, watoto wamezaliwa hapa, lakini tunaijua kazini, nyumbani na supamaketi basi. Mi nataka tuende kama watu wenye hisa.

Tuanze na maji maana bila maji Bath isingekuwepo. Kusini magharibi mwa mji kuna vilima vinaitwa Mendip, mvua iliyonyesha huko maelfu ya miaka iliyopita ilizama kwenye mawe ya chokaa ikashuka chini zaidi ya kilomita mbili, huko ikapashwa moto na ardhi yenyewe, alafu ikapata ufa ikapanda juu tena, na inatokea katikati kabisa ya mji ikiwa na joto la nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku inayokuja na Mungu, haina pampu haina umeme haina bili. Ukisimama pale unaona mvuke unapanda na mapovu yanachemka juu ya maji, unaambiwa hii mvua ilinyesha kabla ya Waingereza kuitwa Waingereza, kwa kweli unabaki umeduwaa.

Waroma walipofika karne ya kwanza walikuta wenyeji wanamwabudu mungu wa kike anaitwa Sulis kwenye ile chemchemi, hawakumfukuza, walimchanganya na Minerva wao wakajenga hekalu na mabwawa, mji wakauita Aquae Sulis. Bwawa kubwa lenye kina cha mita 1.6 bado lipo, na chini limetandikwa mabamba 45 ya madini ya risasi waliyoyaweka Waroma wenyewe, mpaka leo yanashika maji. Maji mtayaona ya kijani, ni mwani tu kwa sababu paa halipo tena na jua linaingia, ila msiingize mikono, na kuoga kwenye yale mabwawa ya zamani kulisimamishwa mwaka 1978 baada ya msichana mmoja kufariki kwa amiba, kijidudu kilichokuwemo kwenye maji. Anayetaka kuoga maji yale yale yakiwa salama aende Thermae Bath Spa, jengo jipya lililofunguliwa 2006, kuna bwawa juu darini unaogelea huku unaona mji wote, lakini watoto chini ya miaka 16 hawaruhusiwi, wazazi mjipange mapema kusije kuwa na vilio mlangoni.

Kitu ambacho sitaki mtu akipite ndani ya makumbusho ya Waroma ni vile vibamba vidogo vya risasi. Viko kama 130, vingi vyembamba, vingine vimekunjwa kunjwa, vidogo kuliko kiganja, na juu yake watu wameandika kwa kukwaruza na ncha kali. Ni maapizo ndugu zangu! Mtu amekuja kuoga, ameacha nguo zake, katoka kakuta kanzu imeondoka, anamwandikia mungu wa kike amshughulikie mwizi, anakikunja kile kibamba anakitupa kwenye chemchemi. Kuna mmoja anaitwa Docimedes, ameibiwa glavu mbili, anaomba aliyezichukua apoteze akili na macho, kwa glavu! Na wengi wanaandika ili mwizi asipate pa kujificha, wanasema awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au mtu huru, na wengine wameandika maneno kinyumenyume makusudi. Sasa mtu wa Tanga au Mombasa akisoma pale anajua mara moja, hii ni albadiri, mtu kaibiwa kachoka kawasomea. Mi niliposimama mbele ya kile kioo ndo niliwaelewa wale Waroma kama binadamu, maana masanamu na nguzo havinigusi sana, lakini mtu aliyeibiwa nguo bafuni na hana pa kushtaki, huyo namjua.

Baada ya Waroma mambo yalipanda na kushuka, mwaka 973 mfalme Edgar alitawazwa pale, kanisa kuu mnaloliona leo lilianza kujengwa mwaka 1499 hivi, mkifika mbele yake angalieni ngazi mbili za mawe ukutani, malaika wanapanda na wengine wanashuka kichwa chini. Alafu ikaja karne ya 18, ndo ikawa Bath ile ya kwenye picha. Matajiri wa London walikuja kunywa maji na kuoga wakidai wanatibiwa gauti, na jioni kamari na kucheza dansi, kulikuwa na bwana anaitwa Beau Nash ndo mshehereshaji mkuu, aliwapangia mpaka wavae nini. Ralph Allen alichimba mawe kule Combe Down, mawe yale ya rangi ya asali mnayoyaona kila nyumba, baba na mtoto wanaoitwa wote John Wood wakajenga, baba akaanza ile duara ya Circus 1754, mtoto akajenga Royal Crescent kati ya 1767 na 1775, nyumba 30 kwenye mwezi mwandamo mmoja, nguzo 114. Nendeni pia mkazunguke nyuma yake. Mbele zote zimefanana kwa sababu Wood aliuza ule uso tu, kila mnunuzi akajijengea kwa fundi wake huko nyuma, kwa hiyo nyuma kila mtu na lake, madirisha hayako sawa, mapaa yamepanda yameshuka, na mimi upande ule ndo nimeupenda.

Lakini tusiangalie uzuri tukasahau kuuliza hela zilitoka wapi. Bristol, bandari iliyosafirisha watumwa, iko jirani tu, na watu wenye mashamba ya miwa Karibiani walikuwa wanakuja Bath kula maisha. Juu ya kilima cha Lansdown kuna mnara wa William Beckford uliokamilika 1827, ngazi 154 mpaka juu, ukiwa huko unaona nchi yote, na yule bwana alirithi utajiri wa mashamba ya Jamaica yaliyolimwa na watu weusi waliofanywa watumwa. Siku hizi makumbusho ya mnara yanalisema hilo wazi wazi, baada ya ukarabati wamefungua tena 2024, na mi nawapongeza, maana kuna sehemu nyingi unalipa kiingilio unaambiwa habari za mapazia na vyombo vya udongo tu. Wenye magoti mazuri tupande pamoja.

Sasa upande wa magharibi wa mji, Newbridge, kuna nyumba inaitwa Fairfield House. Hii wazee mtaipenda. Mwaka 1936 Mussolini ameshaivamia Ethiopia, jeshi lake limemwaga gesi ya sumu juu ya watu, mfalme Haile Selassie amekwenda Geneva tarehe 30 Juni akasimama mbele ya Shirikisho la Mataifa akawaeleza ukweli mbele ya macho yao na hawakufanya la maana. Akaja Bath kupumzika, akanunua ile nyumba, akaishi uhamishoni mpaka 1940, yeye na familia yake, hela za shida, baridi ya huku mnaijua wenyewe. Fikirieni mfalme wa nchi ya Afrika ambayo wakoloni walikuwa hawajaiweza, anatembea kwenye mitaa ile na koti lake, watu wanamwona anapita. Italia ilipoingia vitani upande wa Hitler ndo Waingereza wakakumbuka kwamba wana mfalme Bath, wakamsafirisha mpaka Sudan, na tarehe 5 Mei 1941 akaingia Addis Ababa.

Na njia ya kuingia Addis ilifunguliwa na nani? Waethiopia wenyewe walikuwa hawajaacha kupigana msituni miaka mitano yote, na upande wa kusini vilipanda vikosi kutoka Kenya kupitia Somalia na Harar, vikaingia Addis tarehe 6 Aprili, na ndani yake walikuwemo Keya, yaani askari wa King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na Wanigeria na wa Afrika Kusini. Humu ukumbini wapo ambao babu zao walikuwa Keya, tunazo zile medali kwenye masanduku. Kwa hiyo mkisimama mbele ya ile nyumba mjue kuna mstari unaotoka pale mlangoni mpaka kwa babu yako. Mfalme alirudi Bath 1954 wakampa heshima ya mji, na 1958 akaitoa ile nyumba kwa mji iwatunze wazee, na mpaka miaka hii wazee wenye asili ya Karibiani na Afrika na Asia wamekuwa wakikutana mle, Marasta nao wanakwenda kuhiji. Haiko wazi kila siku, kamati itapiga simu kabla, tusiende kusimama getini.

Haya, tutoke mjini maana nusu ya safari yangu iko nje ya mji. Mashariki ya Bath, karibu na Corsham, kuna kijiji cha Neston. Treni yetu kabla ya kufika Bath itaingia kwenye handaki refu la Box, alilolijenga mhandisi Brunel likafunguliwa 1841, karibu kilomita tatu za giza na wafanyakazi kama mia walikufa wakilichimba, basi mkiwa mle gizani mjue Neston haiko mbali, huko juu ya ardhi. Pale kando ya barabara ya shamba, kwenye ukuta, kuna nguzo ya jiwe. Ni mahali alipofia John Hanning Speke.

Speke huyu ni yule wa kwenye vitabu vya shule, yule tuliyefundishwa "aligundua" Ziwa Victoria. Mwaka 1857 yeye na Richard Burton waliondoka Zanzibar wakaingia bara, wakafika Kazeh ambayo ndo Tabora, wakafika Ujiji, wakarudi Kazeh Burton anaumwa. Pale Kazeh Mwarabu mmoja, Snay bin Amir, alikuwa ameshawaambia kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika, wafanyabiashara wanalijua. Speke akaenda bila Burton, na tarehe 3 Agosti 1858 akasimama juu ya kilima upande wa Mwanza akayaona yale maji, akasema Nile inatoka hapa. Burton akakataa katakata, urafiki ukavunjika, Speke akarudi tena na mwenzake Grant, tarehe 28 Julai 1862 akafika Jinja akauona mto unatoka ziwani, bado wakubwa wa London wanabishana. Ndo ikapangwa Bath, kwenye mkutano wa wanasayansi, tarehe 16 Septemba 1864, Burton na Speke wakutane jukwaani mbele za watu wamalize ubishi, Livingstone naye yuko mjini, watu wamejaa wanasubiri. Jana yake mchana Speke alikwenda Neston kwa ndugu zake kuwinda kwale, akapanda ukuta mfupi, bunduki ikafyatuka ikampiga ubavuni, akafa palepale shambani, miaka 37. Uchunguzi ulisema ajali, na watu wamebishana mpaka leo. Asubuhi Burton yuko jukwaani na karatasi zake anaambiwa mwenzako amekufa. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, ikaonekana Speke alikuwa sahihi kwa jambo lenyewe.

Ukuta wenyewe ni wa yale mawe ya huku yaliyopangwa moja juu ya jingine bila saruji, mtu mzima anaupanda kwa hatua mbili. Nguzo imejengewa hapo hapo, maandishi yanamtaja Speke na bunduki na tarehe. Sasa hapa ndo naomba tufanye kitu, nimeshamwomba mwenyekiti na amekubali. Tukifika pale tutasoma kwa sauti habari za Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, alikamatwa mtoto akauzwa utumwani mpaka India, bwana wake alipokufa akapata uhuru akarudi pwani, na ndiye aliyekuwa na Speke siku ile upande wa Mwanza, walikuwa wanaongea Kihindi wao wawili maana Speke alikuwa askari wa India na Kiswahili kilimshinda. Bombay alienda na Burton na Speke, akaenda kwenye msafara wa Speke na Grant, akafika Jinja na Speke na wakashuka na Nile mpaka Misri, akaenda na Stanley 1871 kumtafuta Livingstone Ujiji, akaenda na Cameron kutoka Bagamoyo wakavuka bara zima mpaka pwani ya Angola. Niambieni ni mzungu gani wa karne ile aliitembea Afrika kumzidi? Mwaka 1876 Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimpa medali ya fedha, ni kweli, sitaki kuwanyima haki yao. Lakini Bath siku ile ya mdahalo hakuwepo yeye, hakuwepo Snay bin Amir, hakuwepo hata mvuvi mmoja wa Ukerewe, ubishi wa ziwa letu ulikuwa umalizwe na mabwana wawili ambao mmoja hakuwahi hata kuliona. Inaniuma, na ninataka watoto wetu wasikie lile jina pale pale ukutani, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa.

Kitu kingine cha kutembea mashambani. Najua wengi wetu tunaogopa, tunasema lile ni shamba la mtu, nikiingia nitafukuzwa au nitaitiwa polisi, na mtu mweusi peke yake katikati ya mashamba unaangaliwa, sikatai, kuangaliwa kupo. Lakini sheria iko upande wenu jamani. England na Wales zina njia za umma kama kilomita 225,000, zinapita katikati ya mashamba ya watu, mbele ya majumba ya kifahari, na sheria ya 1949 ndo ilisema zichorwe kwenye ramani rasmi zisipotee, na watu waliipigania haki hiyo, 1932 kule mlima wa Kinder Scout vijana wa viwandani waliingia kwa nguvu na baadhi yao wakafungwa jela. Kwa hiyo ukiona mshale wa njano kwenye nguzo, pita, hiyo njia ni yako ya miguu, ukiwa wa bluu basi na farasi na baiskeli pia wanapita. Mtakutana na vigeti vidogo vilivyozungushiwa uzio wa nusu duara, unaingia, unalisukuma geti upande wa pili, unatokea, mmoja mmoja, ng'ombe hawezi hata afanyeje, watoto wanavipenda sana vile watataka kurudia. Geti la kawaida ukilikuta limefungwa, ukishapita lifunge. Ng'ombe wenye ndama wapiteni mbali, msipite katikati ya mama na mtoto, wafugaji humu mnanielewa.

Matembezi mepesi kuliko yote, nayowashauri mama na wenye vitoto vya kusukuma, ni kando ya mfereji wa Kennet na Avon uliofunguliwa 1810. Unatoka Bath unaenda mpaka Bradford on Avon, kama kilomita 16, tambarare tupu, kulia maji kushoto miti, boti nyembamba ndefu watu wanaishi mle na maua yao juu na moshi unatoka kwenye bomba. Njiani kuna Dundas, pale mfereji wenyewe unavuka mto kwa daraja la mawe, yaani umesimama unaona boti inaelea kwenye maji na chini yake mto Avon unapita, na reli nayo ipo chini hapo hapo, mafundi wa zamani walikuwa na akili sana. Ukifika Bradford kuna ghala kubwa la mawe la karne ya 14, paa lake la mbao ndani ni kama umeingia msikitini au kanisani, sauti inashuka yenyewe. Kurudi Bath ni treni, dakika kumi na tano hivi. Wenye nguvu zaidi kuna mzunguko wa Bath Skyline, kilomita kumi za vilima, mji wote unauona chini.

Mambo ya mwisho ya kikamati. Tiketi tununue pamoja, kuanzia watu watatu mpaka tisa mkisafiri muda usio wa msongamano mnapunguziwa theluthi moja, tugawane makundi. Asubuhi nje ya Pump Room kuna watembezaji wa kujitolea wa meya, wamekuwepo tangu 1934, wanazungusha watu bure kabisa na bakshishi hawapokei, tusiwalazimishe. Viatu vya matope, nasema tena viatu vya matope, hata kama wiki nzima ni jua. Bath tutaenda Jumamosi, Neston na mfereji Jumapili kwa watakaolala. Anayetaka kusoma habari za Bombay pale ukutani ajiandikishe kwa katibu, nataka mtoto mmoja na mzee mmoja. Ramani nimekuja nazo, namba 155 na 156 za Ordnance Survey, nimezitandaza pale meza ya nyuma karibu na chai, njooni niwaonyeshe zile njia za kijani na kila mtu achague yake.